Kadi nyeusi za Essen zilivyonifungua mdomo

Essen, Ujerumani. Siku ya tatu tangu nifike, nilimkuta bibi wa miaka 78 ameketi jikoni, miwani puani, akichambua kadi ndogo nyeusi kama mtu anayechambua mchele. Nyingine aliziacha mezani. Nyingine alizitia kwenye bahasha, akaifunga kwa mpira na kuiweka juu ya friji.

"Hizo za kwenye bahasha ni za watu waliojiua," dada mwenyeji wangu alinitafsiria. "Leo mjukuu anacheza, bibi hazitaki mezani."

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nilidhani nimezoea kusikia vifo vikitajwa. Lakini sikuwahi kuona familia inayopanga vifo mezani karibu na sahani ya biskuti, ikisubiri chai iive ianze kucheza.

Nilikuwa nimekwenda Essen kwa mafunzo ya wiki mbili ya waandishi wa habari za afya. Badala ya hoteli nilipokelewa na dada mmoja muuguzi, mzaliwa wa Tanga, aliyeolewa huko na kukaa mtaa wa Rüttenscheid. Nyumbani kwake yupo mumewe, ambaye kuanzia siku ya kwanza nilimwita shemeji, kijana wao wa miaka 14 anayezungumza Kiswahili cha Tanga kwa lafudhi ya Kijerumani, na mama mkwe wake, yaani huyo bibi mwenye kadi.

Safari hiyo ilinipa mengi ya kuandika kuhusu hospitali. Lakini kilichonibadilisha mimi kilitokea jikoni, siku ya Jumapili.

Mji wa makaa na michezo

Essen ni mji uliojengwa na makaa ya mawe. Ukienda kaskazini mwa mji utaona mnara mkubwa wa chuma, wenye magurudumu juu, wa mgodi wa Zollverein. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1986, na tangu mwaka 2001 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco. Leo watoto wa shule hupelekwa pale kutalii, wakapiga picha mahali ambapo babu zao walikuwa wakishuka chini ya ardhi gizani na kupanda juu weusi kwa vumbi.

Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe magumu nchini Ujerumani, uliokuwa Bottrop, mji jirani, ulifungwa Desemba 2018. Kwa hiyo katika eneo hilo makaa ya mawe yamebaki kuwa hadithi ya wazee.

Siku hizi jina la Essen linajulikana kwa jambo jingine: michezo ya mezani. Kila Oktoba, kwa siku nne, kumbi za maonyesho za mji hufurika watu wanaokuja kwenye maonyesho yanayoitwa SPIEL, yaliyoanza mwaka 1983. Mwaka 2019 yalihudhuriwa na watu 209,000. Sijazungumzia michezo ya kompyuta. Nazungumzia kadi, kete, mbao na karatasi.

Nilikwenda Ijumaa baada ya mafunzo. Nilipanda treni ya chini ya ardhi ya U11 na nikashindwa hata kusimama vizuri kwa wingi wa watu. Akina baba walikuwa na mabegi makubwa matupu ya kubebea watakachonunua. Wazee walikaa chini kwenye zulia na wajukuu, wakisoma kanuni za mchezo kwa sauti. Niliwahesabu watoto waliokuwa na simu mkononi nikaishia kidole cha tatu.

Nilimuuliza shemeji kwa nini watu wa huku wanapenda hivi kukaa mezani. Akacheka, akasema nisubiri Jumapili nitaelewa.

Jumapili ilipofika nilielewa. Maduka karibu yote yamefungwa kwa mujibu wa sheria. Nje kuna mvua nyembamba isiyokatika, na giza linaingia mapema. Huendi popote. Mnabakia ninyi na meza yenu.

Kitendawili! Tega!

Mchezo waliocheza unaitwa black stories, maana yake hadithi nyeusi. Ulitungwa na Holger Bösch na kutolewa mwaka 2004 na kampuni ya moses. Verlag ya Kempen, mji mdogo ulio jimbo hilohilo. Boksi la kwanza lina kadi 50, na juu yake wameandika hesabu ya kutisha kidogo: maiti 49, wauaji 11, watu 12 waliojiua na mlo mmoja ulioua. Umri unaoshauriwa ni kuanzia miaka 12.

Kanuni zake ni nyepesi. Mtu mmoja anashika kadi. Mbele ya kadi kuna sentensi moja au mbili zinazoeleza kifo cha ajabu. Nyuma kuna habari nzima, na ni yeye pekee anayeisoma. Wengine wanamuuliza maswali, naye anaruhusiwa kujibu "ndiyo" au "hapana" tu. Swali likiwa nje ya njia, anasema halihusiani. Hadanganyi na haongezi neno. Kikundi kinauliza hadi kiijenge habari yote.

Ili niuelewe, kijana alinitegea kimoja cha zamani ambacho watu hutegana katika nchi nyingi. Mtu amekutwa amekufa katikati ya shamba. Kando yake kuna mzigo ambao haujafunguliwa. Hakuna nyayo zinazoelekea pale alipolala. Alikufaje?

Niliuliza kama ameuawa. Hapana. Kama mzigo una bomu. Hapana. Kama mzigo ungemsaidia. Ndiyo. Kama angeufungua angekuwa hai. Ndiyo! Nilichukua robo saa nzima kufika angani: mtu yule aliruka kutoka kwenye ndege, na mwavuli wake haukufunguka.

"Lakini hivi ni vitendawili," nikasema.

Dada akapiga meza kwa furaha. "Ndicho ninachowaambia kila siku!"

Basi tukawafundisha utaratibu wetu. Anayetega aseme "Kitendawili!" na wengine wajibu "Tega!" Wakishindwa, mtegaji anasema "Nipeni mji," nao wampe mji. Naye akishaupokea anasimulia alivyofika huko na alivyopokelewa, ndipo atoe jibu.

Bibi aliupenda utaratibu huo kuliko kadi zenyewe. Kadi yake ya kwanza ilitushinda. Akanyoosha mkono kama anayedai nauli na kutamka Kiswahili chake cha kwanza: "Nipeni mji." Tukampa Tanga. Akafunga macho, akasimulia amefika Tanga, jua linawaka, amekula samaki ufukweni na hakuna mtu aliyemwambia avae koti. Mwanawe alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Nilimuuliza kuhusu ile bahasha juu ya friji. Alisema miaka michache iliyopita jirani yao mmoja alimpoteza mtoto kwa namna hiyo, na mtoto yule alikuwa akija kucheza kwenye meza ileile. Tangu hapo, vijana wakiwapo, kadi hizo hazitoki.

Hakujua kuwa sisi waandishi wa afya tuna mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotutaka tusieleze njia ambayo mtu ametumia kujiua, kwa kuwa maelezo hayo yanaweza kumpa wazo aliye katika hali ngumu. Bibi alifika hapo kwa akili ya mzazi.

Mjane aliyekufa mbali

Ilipofika zamu yangu sikuchukua kadi. Niliwaambia nina kitendawili cha kweli, kutoka kazini kwangu.

London, mwaka 1854. Mjane anaishi Hampstead, mtaa safi wa juu kilimani. Mtaani kwake hakuna kipindupindu. Hajatoka kwenda kokote siku za karibuni na hajapokea mgonjwa. Anakufa kwa kipindupindu. Mpwa wake, anayeishi mtaa mwingine kabisa, alimtembelea, akarudi kwake, naye akafa.

Kijana aliuliza kama waliambukizwa na mfanyakazi. Hapana. Shemeji akauliza kama ni chakula. Hapana. Dada, muuguzi, akatabasamu bila kusema kitu. Bibi ndiye aliyeuliza, "Je, walikunywa kitu kilichotoka mbali?" Ndiyo.

Mjane yule zamani alikuwa akiishi karibu na Broad Street na aliyapenda maji ya pampu ya mtaa ule. Alipohama aliendelea kuletewa. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakiua watu, zaidi ya 500 katika siku kumi. Daktari John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani kafa na alikuwa akinywa maji ya wapi. Akagundua pia kuwa wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilichokuwa karibu na pampu hawakufa, kwa kuwa walikuwa wakipewa pombe ya kiwandani na hawakugusa maji yale. Mpini wa pampu ukaondolewa Septemba 8. Baadaye ilijulikana kwamba maji yaliyofuliwa nepi za mtoto mgonjwa yalimwagwa kwenye shimo lililokuwa jirani na kisima.

Kijana alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Kwa hiyo daktari alicheza mchezo huu, lakini wa kweli."

Ndivyo ilivyo. Daktari anayekuuliza umekula nini, umelala wapi, nani mwingine nyumbani anaumwa, anafanya kazi hiyohiyo ya kujenga habari kutokana na ndiyo na hapana zako. Ukimficha moja, jibu linampotea.

Kitendawili cha bibi

Bibi akaziweka kadi kando. Akasema naye ana chake, hakimo kwenye boksi.

Mwanamume aliuawa na kazi aliyokuwa ameiacha miaka kumi kabla. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa akipalilia bustani.

Mezani wote walijua jibu isipokuwa mimi, lakini hakuna aliyenisaidia. Niliuliza kama aliumia kazini. Hapana. Kama alikuwa na kitu mwilini alichotoka nacho kazini. Ndiyo. Hapo nikajua, na aibu ikanishika kwa kuuliza kana kwamba ni mchezo.

Alikuwa mumewe. Alichimba makaa tangu ujana hadi alipostaafu. Vumbi la mawe lililomwingia kifuani halikutoka. Madaktari huita ugonjwa huo silikosisi, na ubaya wake ni kwamba unaweza kuendelea kuharibu mapafu hata baada ya mtu kuacha mgodi. Nimewahi kuandika kuhusu wachimbaji wadogo wa kwetu, na kuhusu kifua kikuu kinavyowapata kirahisi waliovuta vumbi hilo. Nilikuwa nimeandika kama habari. Hapa alikuwapo mwanamke aliyesikia kifua hicho kikikoroma usiku kwa miaka.

"Mjukuu hakumjua babu yake," bibi alisema. "Ananiuliza maswali, mimi namjibu ndiyo au hapana. Siku ya kwanza nilichoka baada ya maswali matatu, tukaacha. Sasa anajua yote."

Chupa ya soda

Sijui hasa nini kilinisukuma. Labda mvua, labda kuwa mbali na nyumbani, mbele ya watu wasiowajua wazazi wangu. Nilisema "Kitendawili," wakajibu "Tega."

Mtoto wa miaka miwili amekufa. Mlangoni kuna chupa ya soda. Nyumba haina adui.

"Alikunywa kilichomo?" Ndiyo.

"Kilikuwa soda?" Hapana.

"Sumu?" Ndiyo.

"Mtu alitaka kumuua?" Hapana.

Dada alikwishajua. Niliona uso wake ukibadilika. Muuguzi yeyote aliyefanya kazi kwetu anaijua habari hiyo: mafuta ya taa. Alitaka kusimamisha mchezo, lakini nilimfanyia ishara aache.

"Aliyeiweka chupa pale alikuwa mtu mzima?" kijana aliuliza. Hapana.

"Alikuwa mtoto?" Ndiyo.

"Yuko hai?" Ndiyo.

Kisha akauliza kwa Kiswahili, bila kusubiri tafsiri: "Shangazi, yuko mezani hapa?"

Ndiyo.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tukikaa Morogoro. Mama alinituma dukani na chupa tupu ya soda nikanunue mafuta ya taa ya jiko. Agizo lilikuwa lilelile la kila siku: ukirudi, weka juu ya kabati. Nilirudi, wenzangu wakaniita kucheza rede, nikaiacha mlangoni kando ya ndoo ya maji. Mama alikuwa uani anafua. Ilikuwa mchana, joto kali. Mdogo wangu alisikia kiu.

Majirani walikuja mbio kwa upendo wote. Wakampa maziwa, wakamtia vidole atapike. Alifikishwa hospitali anahema haraka haraka. Alfajiri akafariki. Nyumbani ilisemwa kuwa amekufa kwa nimonia, na hadi leo ndivyo ndugu wengi wanavyojua. Hakuna aliyenigombeza wala kuniuliza. Nilikaa miaka 20 nikiamini kuwa mimi peke yangu ndiye ninayejua chupa ile iliwekwa na nani.

Jikoni hakuna aliyesema pole mara moja. Bibi alimwomba dada amtafsirie vizuri, neno kwa neno. Kisha akasema bado ana maswali, maana mchezo haujaisha.

"Je, mtoto huyo wa miaka minane ndiye aliyeamua mafuta yawekwe kwenye chupa ya soda?"

Hapana.

"Je, alijituma mwenyewe dukani?"

Hapana.

"Je, kazi ya kulinda sumu ndani ya nyumba ni ya mtoto wa miaka minane?"

Swali hilo nimelijibu mara nyingi kwa kalamu, katika makala za ushauri kwa wazazi. Nimeandika kwamba mtoto hapewi dhamana hiyo. Lakini kulijibu kwa mdomo, habari ikiwa ni yangu, kulinichukua muda. Kanuni ya mchezo ni kutodanganya.

"Hapana," nilisema.

Bibi alizikusanya kadi, akazirudisha kwenye boksi, akanimiminia chai.

Simu Morogoro

Nilimpigia mama usiku huohuo. Kwao ilikuwa saa nne, saa moja mbele ya Essen.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku? Kuna nini?"

"Hakuna kitu mama. Nataka kukuuliza jambo la zamani. Ukiweza, nijibu ndiyo au hapana tu. Ukichoka, tutaacha."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Uliza."

Nilimuuliza kama alijua kuwa ni mimi niliyeiacha chupa mlangoni. Ndiyo. Nilimuuliza kama alinikasirikia. Hapana. Nilimuuliza kama alikuwa amenyamaza kwa sababu yangu.

Hapo aliivunja kanuni. Aliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea kwenye simu. Alisema siku ile dumu la mafuta lilikuwapo, lakini mfuniko wake ulikuwa umepasuka, akaona asiniangaishe, akanipa chupa ya soda. Alisema kila akiona chupa ya soda tupu anaona mkono wake mwenyewe ukininyooshea. Alidhani mimi nilikuwa mdogo, nimesahau, na akiongea atanikumbusha. Akaamua abebe peke yake.

Nami nilikuwa nimeamua nibebe peke yangu. Miaka 20, nyumba moja, watu wawili, mzigo uleule, na kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Tulilia, hilo sitalificha. Lakini kabla hajakata simu aliniuliza kama nimekula, na kama huko kuna baridi.

Mzazi, haya ya kuchukua

Kwanza, mafuta ya taa. Nyumba nyingi bado zinayatumia kwa jiko na taa. Usiyaweke kwenye chupa ya soda, ya maji wala ya juisi, hata kwa saa moja. Yakae kwenye dumu lenye mfuniko unaobana, juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti. Vivyo hivyo dawa za kufulia, dawa za kuua wadudu na tindikali ya betri. Watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu wanaonja kila kitu na hawasomi harufu kama sisi.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa, mafuta ya kula wala kitu cha kumfanya atapike. Mafuta ya taa huua kwa kuingia mapafuni, na akitapika yanaweza kupanda na kuingia huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke kituo cha afya mara moja, na chukua chupa aliyoinywea ili mhudumu aione. Mpeleke hata kama anaonekana mzima, kwani kikohozi, kuhema haraka au usingizi usio wa kawaida vinaweza kuja baada ya saa kadhaa.

Pili, maneno. Msiba ukitokea, mtoto aambiwe kwa lugha ya wazi kuwa mtu amekufa. Ukimwambia amesafiri, atamsubiri. Ukimwambia amelala, anaweza kuogopa kulala. Na umwambie kwa mdomo wako kuwa si yeye aliyesababisha, hata kama hajauliza. Watoto wengi hujitwika lawama ya kifo bila kumwambia mtu, hata pale ambapo hawakuhusika kabisa. Pale ambapo alihusika kwa utoto wake, kama mimi, anakuhitaji zaidi.

Tatu, mezani. Si lazima ununue kadi kutoka Ulaya. Karatasi ya manila ikikatwa vipande inatosha. Watoto kuanzia miaka 12 wanaweza kutegewa visa vya kweli vya afya: kwa nini kijiji kimoja kiliugua na jirani yake hakikuugua, kwa nini watu waliolala na jiko la mkaa ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, hawakuamka. Toa mezani visa vya kujiua, na mtoto akisema hataki kuendelea, acheni hapo. Walio wadogo zaidi watoshewe na vitendawili vya kawaida.

Utashangaa mtoto anavyouliza vizuri anapojua kuwa jibu litakuwa la kweli.

Niliporudi nilikwenda Morogoro moja kwa moja. Niliwakatia wapwa zangu kadi za manila, mama akavuta kiti akakaa nasi. Zamu yake ilipofika alitega kimoja cha kuku na jirani mwizi, ambacho hakuna aliyekijua.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

Wapwa zangu walitazamana, kisha mkubwa wao akampa Essen.

"Haya," mama alisema, akifunga macho. "Nimefika Essen. Kuna baridi, kuna mvua. Nimemkuta bibi mmoja jikoni, nimemwamkia, nikamwambia asante kwa kunirudishia mwanangu. Akanimiminia chai. Sasa sikilizeni jibu."